Mtoto Aliyeita kwa Sauti ya Nkambo

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kukaa na watoto wenye usonji, mkija kunitembelea mnaniuliza mambo ya picha, ya ratiba, ya namna ya kumtuliza mtoto anayejigonga kichwa ukutani. Ni maswali mazuri. Lakini juzi mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Madame, miaka yote ile, kuna siku uliogopa?" Nilicheka, nikamwongezea chai, nikabadilisha mazungumzo. Alipoondoka nilibaki na kikombe mkononi mpaka chai yangu ikapoa.

Ndiyo, niliogopa. Niliogopa mchana, jua likiwaka, katika lupango moja la mtaa wa Katuba, huku kwetu Katanga, uwanja wa kawaida tu wenye ukuta wa matofali na mlango wa bati. Na woga wenyewe ulianza kwa adabu njema. Nilimsalimia mtu.

Ulikuwa msimu wa baridi, vumbi jekundu limelala juu ya majani yote. Nilikuwa nimeitwa na Shabani, fundi wa nguo ambaye mtaani walimwita Papa Salima, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kasongo, huko Maniema. Daktari alikuwa amemwambia kwamba binti yake Salima ana usonji, kwamba hali hiyo haina sindano wala kidonge, na kwamba kuna mama mmoja mwalimu anayekwenda kufundisha watoto kama hao nyumbani kwao. Mama huyo ni mimi.

Mlango wa bati ulikuwa wazi. Nikabisha, nikaingia. Chumba cha mbele, chenye cherehani, kilikuwa kimya. Uwanjani hapakuwa na mtu. Ndipo nikasikia mama mzee akiita kutoka nyuma ya nyumba:

"Shabani! Shabani we! Uko?"

Sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi, na kila akivuta pumzi kifua kilitoa mluzi mdogo. Halafu kitu kikagonga chuma, taratibu. Nikasema moyoni, huyu ni mkubwa wa nyumba, nianze naye. Nikapaza sauti, kwa Kiswahili chetu ambacho 'ndio' husemwa 'njo':

"Jambo, mama! Njo miye Madame ya kufundisha Salima. Shabani haiko, lakini nimefika."

Sauti ile haikunijibu. Ikaita tena, "Shabani!"

Nyuma yangu kitu kilianguka. Nikageuka. Mama Salima alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, beseni la nguo limemponyoka, maji yanatiririka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Madame," akasema polepole, "unasalimia nani?"

"Mama mukubwa ule anaita kule nyuma."

Alinitazama kama mtu anayepima kama aniambie au anifukuze.

"Ule mama," akasema, "tulimuzika mbele ya baridi kuanza."

Miye ni Mkatoliki, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Nikafanya ishara ya msalaba pale pale, katika nyumba ya Waislamu, na yule mama wala hakukasirika. Nadhani angekuwa anajua namna ya kuifanya, angenifuata.

Tukazunguka nyumba pamoja. Kati ya ukuta wa jikoni na pipa la maji alikuwa amelala binti wa miaka kama kumi, mwembamba, shavu lake limelala juu ya ardhi. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama vumbi. Kinywa kikafunguka, na sauti ya yule mzee ikatoka ndani yake, na mluzi wake, na uchovu wake wote.

"Shabani, mwanangu. Uko?"

Kisha akanyoosha mkono mdogo, akagonga pipa kwa kifundo cha kidole.

Mama yake alitoa simu kwa haraka na kuwasha kisomo cha Kurani kwa sauti kubwa. Salima akaziba masikio, akaanza kupiga kelele, sasa kelele za mtoto. Mambo yakaishia hapo.

Siku ile sikufundisha chochote. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko la makaa, nikamsikiliza Mama Salima. Tangu kuzaliwa, mtoto hakuwahi kusema neno. Shule ilimrudisha nyumbani kabla sare haijachafuka. Aliyemlea kila siku alikuwa nkambo wake, mama mzazi wa Shabani, ambaye alizungumza naye kutwa nzima bila kungoja jibu. Kisha nkambo akafa. Walimkuta alasiri moja amelala juu ya mkeka karibu na pipa, mahali alipopenda kuota jua, amefunikwa kikwembe, kitenge chake, mpaka usoni. Watu walisema amekufa usingizini, kifo kizuri. Walimzika. Siku chache baada ya matanga, mtoto asiyesema akaanza kusema. Kila alasiri, mahali palepale, kwa sauti ya marehemu, akimwita baba yake kwa jina.

Mpangaji wa chumba cha pembeni alihama. Wateja wa Shabani walikuja kuchukua nguo zao wakiwa wamesimama barabarani. Jirani mmoja, Mkatoliki mwenzangu, kila akisikia sauti alirusha maji ya baraka juu ya ukuta, nayo yalikuwa yanaangukia nguo zilizoanikwa.

"Na dada ya bwana yangu," akaongeza Mama Salima, akishusha sauti, "Shangazi Mwajuma, anasema Salima njo alikula mama. Anasema, kama mama alikufa mu usingizi, nani alimufunika uso? Mutoto alikuwa naye peke yake."

Mnajua neno hilo la uchawi lina maana gani hapa kwetu likishasemwa juu ya mtoto. Shangazi alikuwa amesikia kuhusu mtu mmoja upande wa Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, anayepokea watoto wa namna hiyo, anawafunga kwa kamba na kuwanyima chakula mpaka "kitu" kitoke. Kwa wengine, wanaotoka ni wao wenyewe, wamebebwa maiti.

Hapa niwaeleze kidogo juu ya Sista Odile, kwa sababu bila yeye ningekwenda nyumbani nisirudi tena.

Sista Odile ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtawa mrefu kutoka kaskazini mwa Katanga, mwenye miguu mikubwa, anavaa viatu vya wanaume kwa sababu vya wanawake havikumtosha. Wakati ule tulikuwa na darasa dogo Kipushi, na picha zetu tulizichora juu ya makatoni ya sabuni. Tablet za siku hizi hatukuziota. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa hakanyagi sehemu fulani ya uwanja. Akifika pale alitetemeka na kulia, akageuka. Watu wa mtaa walisema kuna kaburi. Sisi walimu tulisema ni ukaidi, tukataka kumvuta.

Sista akaja. Hakuuliza mtu. Alivua viatu vyake vikubwa, akavua na soksi, akasimama mahali pale na kufumba macho. Alisimama muda mrefu mpaka tukaanza kutazamana. Halafu akatuamuru na sisi tuvue. Ardhi ilikuwa baridi. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha, kwenye nyayo, mbali sana chini, kitu kilikuwa kinapiga. Kinapiga, kinanyamaza, kinapiga. Labda zilikuwa pampu za mgodi, Kipushi imechimbwa sana chini. Labda mashine nyingine. Hatukujua, na hata leo sijui.

"Haya," akasema Sista, akivaa soksi zake. "Sasa munasikia ile anasikiaka kila siku. Mumupitishe ku njia ingine."

Tukampitisha njia nyingine, na kilio kikaisha. Tangu siku ile, mtoto akiogopa mahali, mimi navua viatu kwanza. Wenzenu wa leo wana maneno marefu kwa jambo hilo. Ni sawa, andikeni maneno marefu mtihanini. Lakini vueni viatu.

Na kuhusu sauti, Sista alikuwa ametuonya mapema. Alisema watoto wengine wenye usonji hawajifunzi neno moja moja kama sisi. Wanachukua kipande kizima cha siku: maneno, sauti ya aliyesema, kikohozi chake, mlango uliogongwa wakati ule. Wanakihifadhi jinsi kilivyo, na baadaye wanakitoa jinsi kilivyo. Aliita jambo hilo mwangwi. Tulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akitaka maji anatangaza sabuni kwa sauti nzito ya mtangazaji wa redio, kwa sababu siku moja alikunywa maji matamu tangazo lile likipita. Wageni walicheka. Sisi tulimletea maji.

Kwa hiyo nilijua. Niliporudi Katuba wiki iliyofuata nilikuwa najua kabisa kwamba ule ni mwangwi. Na bado, alasiri ilipofika, msikiti ulipoadhini na Salima akaacha shanga zake, akainuka kama mtu aliyeitwa na kuelekea kwenye pipa, miguu yangu ilikataa. Kujua kitu ni jambo moja. Kusikia mzee aliyekufa akivuta pumzi karibu na goti lako ni jambo lingine.

Nilikaa ardhini pembeni yake. Kumbukeni hilo: pembeni, msikae mbele. Zamani tulifundishwa kumshika mtoto kidevu ili atutazame machoni, acheni kabisa. Mkikaa pembeni mnatazama kile anachotazama. Pia msijipake marashi. Siku ya kwanza Salima alininusa, akaenda kuleta kopo la maji na kunimwagia shingoni, bila hasira, kama mtu anayeosha sahani. Niliyaacha marashi mpaka leo. Na kwa kelele nilimpatia vifuniko vya masikio vya wafanyakazi wa mgodi, vile vya rangi ya machungwa vinavyouzwa sokoni. Alivipenda mno, akaanza kulala navyo.

Nikiwa pale chini na shavu langu karibu na vumbi, nilitambua vitu viwili. Cha kwanza, sauti haikuwa inarudia kama sahani ya muziki iliyokwaruzwa. Kila mwito ulikuwa dhaifu kuliko uliotangulia. Ilikuwa inaelekea mahali. Cha pili, haikuwahi kufika mahali hapo, kwa sababu kila mtu katika lupango lile alikuwa na namna yake ya kuikatiza. Mama aliwasha simu. Jirani alirusha maji. Na Papa Salima, akisikia tu "Shabani", alikanyaga cherehani kwa nguvu hata kama hapakuwa na nguo chini ya sindano.

Nikaenda kuzungumza naye. Alikuwa mtu mpole, mwenye mita ya kupimia shingoni.

"Papa Salima," nikamwambia, "ile siku, mama alianguka pale ku pipa. Sivyo?"

Mguu wake ulisimama. Hakuuliza nimejuaje.

"Sijue, Madame. Miye nilikuwa hapa." Akagusa cherehani. "Bibi yangu, Mama Salima, alienda ku soko. Nilikuwa na mashini, na radio nayo. Kulikuwa harusi, bantu banataka nguo. Sikusikia kitu." Akavua ile mita shingoni, akaanza kuikunja. "Nilimaliza kazi, nikaenda kunywa maji. Njo nikamukuta. Bote banasema alikufa mu usingizi. Nikanyamaza. Lakini kama alikuwa analala, sababu gani mutoto ananiita?"

"Mutoto anatoa ile alisikia."

"Njo vile miye naogopa," akasema. "Kama ni shetani, watamufukuza. Kama ni mwangwi, ile unasema, basi mama aliniita. Aliniita mara mingi, na miye nilikuwa hapa."

Nikamwomba kitu kimoja tu: siku moja, alasiri moja, kila mtu anyamaze, tumwache Salima afike mwisho. Alikanyaga cherehani.

Kabla hajanijibu, Shangazi Mwajuma alikuja na gari.

Nilikuwa uwanjani na Salima, tunapanga picha: kwanza kuosha mikono, halafu ndizi. Mlango wa bati ulifunguliwa wote. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sura ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu msiba. Nyuma yake alisimama dereva, mtu mzima, akizungusha funguo kidoleni.

"Shabani!" akamwita kaka yake. "Toka. Ile muntu ya Kasomeno anatungoya. Leo inaisha."

Papa Salima akatoka. Mama Salima akatoka jikoni mbio, akamkumbatia mtoto, na Salima, asiyependa kukumbatiwa, akaanza kujinyonganyonga.

"Dada, ngoya kidogo," akasema Papa Salima.

"Ningoye nini? Mupaka akule na weye? Mama yetu njo nani alimufunika uso? Mufu hajifunike, Shabani! Hajifunike!"

"Mutoto hawezi kuua muntu na kikwembe," nikasema.

"Weye Madame, weye ni mugeni hapa." Hakunitukana, alisema tu. "Ule ni mama yangu. Hata mu kaburi hapumuzike sababu ya huyu mutoto."

Ndipo msikiti ukaadhini alasiri.

Salima aliponyoka mikononi mwa mama yake. Alipita katikati yetu kana kwamba sisi ni miti, akazunguka nyumba. Tukamfuata wote, hata dereva. Alilala chini, akaweka shavu ardhini.

"Shabani! Shabani we! Uko?"

Shangazi Mwajuma alikuwa amesimuliwa tu. Hakuwahi kuisikia. Nilimwona akijishika kifua kwa mikono miwili. Dereva akarudi nyuma hatua moja, akaniambia mimi, sijui kwa nini mimi: "Mama, miye nabeba bantu na mizigo. Ile siwezi." Akaenda kukaa ndani ya gari na kupandisha vioo.

Mama Salima aliingiza mkono kwenye kikwembe chake kutafuta simu. Nikamshika mkono.

"Leo hapana," nikamwambia. "Mama Salima, nakuomba. Leo hakuna muntu anamukata. Wote tusikilize."

Kule ng'ambo ya ukuta nikasikia jirani akijaza kopo lake. Nikaita: "Na weye mama, tafazali, leo hapana!" Kopo likatulia.

Papa Salima alikuwa anaangalia upande wa chumba chake cha cherehani. Alikuwa na hatua chache tu za kwenda. Hakwenda.

Sauti ikaita. Ikagonga pipa. Ikaita tena, chini zaidi. Ikakohoa. Kulikuwa na vipindi virefu katikati ambapo Salima alilala bila kutikisika, na sisi tulisikia magari ya barabara kubwa na upepo juu ya bati. Mara moja nilidhani imekwisha. Lakini ikaja tena, sasa kama mtu anayeongea na aliye karibu sana.

"Hasikie. Iko na kazi." Mluzi wa kifua. "Basi. Salima. Kuya hapa, mwana. Nifunike. Baridi."

Shangazi Mwajuma alitoa mlio mdogo kooni.

"Na macho. Funika na macho, jua iko nachoma. Eeh. Vile. Mutoto muzuri." Pumzi. "Usiende. Ukae na miye."

Halafu sauti ikaanza kuimba bila maneno, kwa pua, wimbo wa kubembelezea watoto. Wimbo ukakatika katikati. Ukaanza tena. Ukakatika. Tukangoja uendelee.

Jua lilikuwa usoni kwangu na mikono yangu ilikuwa baridi kama nimeiweka ndani ya lile pipa. Hakuna kitu kilichokuwa kinatokea, na sote tulijua tunasikiliza nini.

Hapa kwetu mnajua inavyosemwa: marehemu akikuita jina, usiitike, maana utamfuata. Papa Salima alijua hivyo kuliko mimi. Lakini nilimwona akipiga magoti pale kwenye vumbi, mtu mzima na suruali yake safi, akaweka kiganja juu ya ardhi mbele ya uso wa mtoto.

"Naam, mama," akasema. "Naam. Niko hapa."

Dada yake alimvuta bega. Hakuinuka. "Niko hapa, mama. Sikusikia. Mashini ilikuwa napiga kelele. Niko hapa." Akaanza kulia, kulia kwa namna ile ya wanaume ambao hawajazoea, kama kukohoa.

Salima akainua kichwa. Alimtazama, si machoni bali mabegani, ambako kulikuwa kunatikisika. Akainuka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akavuta kikwembe kilichozoea maji ya baraka ya jirani, akarudi nacho. Akamfunika baba yake mabega. Akavuta kitambaa mpaka juu ya kichwa, kikaziba na macho. Kisha akakaa pembeni yake, hakuondoka.

Shangazi Mwajuma aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Baadaye, nilipokwenda kumwambia dereva kwamba hakuna safari, nilikuta ameshageuza gari.

Sasa msifikiri kwamba sauti iliisha siku ile. Watu wanapenda niseme hivyo. Haikuisha, na mimi sikutaka iishe. Ilikuwa maneno pekee aliyokuwa nayo mtoto yule. Kazi yetu ilikuwa kumsaidia kuyakata vipande na kuyatumia. Akishika blanketi, nilimwonyesha picha ya blanketi na kungoja, mpaka siku aliposema "Nifunike". Kungoja ndiyo nusu ya kazi hii, vijana, na ndiyo nusu inayochosha. Alipotaka mtu abaki naye alisema "Ukae na miye". Alipomtaka baba yake aliita "Shabani, uko?" Yote kwa sauti ya nkambo, na mluzi wake.

Baba yake kila mara aliitika "Naam, mama." Hakuweza kuitika vingine. Mteja mmoja mgeni alikuja kupima suruali, akasikia mzee akiita nyuma ya nyumba, akamwona fundi akiitika, kisha akamwona binti mdogo akiingia na kopo la maji huku akisema kwa sauti ile ile "Mutoto muzuri". Yule bwana aliondoka bila suruali, na hakuirudia.

Shangazi Mwajuma akaanza kuja kila Ijumaa. Alileta sambusa, akaketi kwenye kigoda karibu na Salima, akafumba macho na kungoja. Mtoto aliposema neno, shangazi alitabasamu akiwa amefumba macho vilevile. Sikuzoea kulitazama jambo hilo. Mwanamke aliyetaka kumfunga mtoto kamba, sasa anakaa miguuni pake kumsikiliza marehemu. Siku moja aliniuliza kwa upole:

"Madame, ukimufundisha sauti yake mwenyewe, ya mama itaenda wapi?"

Nilimwambia sijui. Nikaendelea kufundisha.

Kwa sababu sauti ilikuwa inabadilika. Mluzi ulikwenda kwanza. Kisha kikohozi. Kuna wiki Salima hakusema kitu kabisa, na Shangazi Mwajuma alikaa na sambusa zake mpaka zikapoa, akaniangalia kama mimi ndiye ninayemzika mama yake mara ya pili.

Mvua zilikuwa zimeanza. Ilikuwa Ijumaa. Shangazi alikuwa kwenye kigoda pamoja nasi chini ya bati la baraza, Mama Salima jikoni anakoroga bukari, ugali wetu, cherehani inakwenda taratibu mbele ya nyumba. Salima alikuwa ameshika picha ya kikombe. Nilikaa pembeni yake, sikumsaidia, sikumharakisha. Alifungua kinywa, akafunga. Alifungua tena.

"Chai," akasema.

Sauti ndogo, nyembamba, yenye ukwaruzo kidogo kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. Sikuwahi kuisikia popote. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Jikoni mwiko ulisimama.

"Karibu!" Mama Salima akaitikia kutoka ndani. "Nani pale? Ingia, ingia, usisimame mu mvua!"

Akatoka akipangusa mikono, anatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgeni. Aliangalia mlango wa bati. Ulikuwa umefungwa. Aliangalia kando ya ukuta, akaangalia nyuma ya pipa, akitafuta mtoto wa nani aliyeingia katika lupango lake.

"Hakuna mugeni," nikamwambia. "Njo mutoto yako."

Mbele, cherehani ilinyamaza. Shangazi Mwajuma alichukua ncha ya kikwembe chake na kujifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika, sikujua analia kwa ajili ya nani. Mama Salima alibaki amesimama, mikono yenye unga imening'inia hewani, anaogopa kusogea.

Na Salima, ambaye bado hakuwa amepata chai yake, akaomba tena.